Honorine wa Kasongo avunja sumaku aliyoitunza miaka saba

Saa tano asubuhi, Jumapili, misa imekwisha, na Honorine Kalonda anahamisha vyuma. Anatoa bisibisi, anatoa nyundo, anatoa pasi ya makaa, anatoa hata kiti chenye misumari iliyochomoza. Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya na kumtazama kiunoni.

"Toa mukaba," anasema.

Mwandishi anauliza kama amesikia vizuri.

"Mukaba. Iko na chuma pale mbele. Na simu, na funguo. Humu ndani chuma inabaki moja tu, ile ya dira."

Basi mwandishi anavua mkanda, anashika suruali kwa mkono mmoja na kalamu kwa mkono mwingine, na kazi inaendelea. Hakuna aliyetuambia kwamba uandishi ni kazi ya heshima kila siku.

Mezani inabaki dira ndogo ya shaba, karatasi yenye mistari ya penseli, na kopo la plastiki lililowahi kuwa la vidonge. Kutoka humo Honorine anatoa pamba, na ndani ya pamba mna kibamba cha mraba, upana wake sentimita moja, kinachong'aa mithili ya kioo. Anakishika kwa kibano cha mwanzi alichokichonga mwenyewe. Anakiweka juu ya mstari, sentimita mbili kutoka kwenye dira.

Mshale wa dira unatikisika. Unayumba kushoto, unarudi, unatulia mbali na kaskazini yake.

"Ishirini na moja," anasema Honorine, na kuandika katika daftari la shule.

Kutoka uani inasikika sauti ya mwanamke. "Yaya! Imekufa?"

"Haijakufa!"

"Basi kuya kula."

Mwenye sauti ni Dieudonnée, mdogo wake Honorine; yaya, kwa Kiswahili cha huku, ni dada mkubwa. Haingii ndani. Kwa miaka saba hajakanyaga chumba hiki kopo likiwa wazi, na ukimuuliza sababu, anakujibu kwamba anapika. Jumapili hiyo alikuwa kweli anapika, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Nyangwe, lakini Kasongo nzima inajua kuwa hiyo siyo sababu.

Honorine ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Mjini Kasongo, kusini mwa Maniema, watu humwita Maman Sumaku, maana kazi yake ya kila siku ni kurudishia nguvu sumaku za pikipiki. Kila pikipiki ina gurudumu zito ndani ya injini, ambalo mafundi wa huku huliita volan, lenye sumaku zinazozalisha umeme wa taa na wa kuwasha injini. Sumaku zikilegea, pikipiki inakohoa na taa inakuwa na mwanga wa kibiriti.

Na huku zinalegea haraka. Sababu anaieleza kwa hasira isiyozeeka.

"Wanapiga nyundo! Volan inakwama, kijana wa gereji hana kifaa cha kuivuta, anachukua nyundo, pa, pa, pa. Sumaku hutaki kuipiga. Ukiipiga inasahau ilikuwa inaangalia wapi."

Mteja wake mkubwa ni Paluku, motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyetoka Butembo miaka tisa iliyopita kufuata dhahabu ya Salamabila, akagundua kwamba kubeba wachimbaji kunalipa kuliko kuchimba. Anakuja Kasongo kila baada ya wiki mbili na mzigo wa volan za wenzake, saba au nane, zimefungwa kwenye gunia.

"Kule Salamabila hakuna mutu wa hii kazi," anasema Paluku. "Kabambare hakuna. Bila Maman Sumaku tungekuwa tunasukuma."

"Ungepunguza nyundo usingekuwa unakuya hapa," anamjibu Honorine.

"Maman, na mimi nikipunguza nyundo, wewe utakula nini?"

Honorine anacheka. Kila volan inamwingizia faranga elfu kumi na tano, na kwa wiki nzuri anapata nne au tano. Zinatosha chakula, chumvi, sabuni na ada za watoto wawili wa Dieudonnée. Yeye mwenyewe hana mtoto.

Mashine yake aliiunda kwa vyuma chakavu. Ni waya mnene wa shaba aliouzungusha kwa mkono mara mia mbili na kumi, na makopo ya kuhifadhia umeme aliyoyachomoa kwenye televisheni zilizokufa. Paneli ya jua inayajaza taratibu. Kisha anaweka volan katikati, anawaambia watu wasogee, anabonyeza. Unasikika mlio mmoja mkavu, PA, na kuku wanakimbia.

"Pigo moja," anasema, akipuliza kidole. "Halafu nangojea dakika ishirini ijae tena. Kule tulikuwa na mapigo kumi kwa sekunde moja."

Neno hilo, kule, utalisikia sana ukikaa naye. Hulitamka akiwa ameacha kazi kidogo, mikono imetua mapajani.

Kule ni mji mmoja wa Ufaransa ulio kati ya milima, ambako Honorine alifanya kazi miaka sita kama fundi wa maabara. Alikuwa amesoma fizikia Lubumbashi, akapata ufadhili wa miaka miwili, na muda ulipokwisha bosi wake hakutaka kumwachia. Kazi yake ilikuwa kukuza tando za sumaku, yaani tabaka nyembamba mno, kwa leza.

Mwandishi alimwomba aeleze kama anavyomweleza Paluku. Paluku, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake, akasema afadhali, maana hata yeye hajawahi kuelewa.

"Bon. Unachukua chungu ya chuma, inafungwa vizuri, pampu inatoa hewa yote. Yote, unasikia? Ndani unaweka kibonge cha madini, neodimi na chuma na boroni, nene kama sarafu. Kinazunguka. Mbele yake unaweka kasahani kadogo, haka unakoona, na nyuma ya kasahani jiko, digrii mia sita. Halafu leza inaingia kwa dirisha. Tak-tak-tak-tak. Kila pigo linang'oa vumbi kidogo sana kwenye kibonge. Vumbi linaruka, linashuka kwa kasahani, linalala. Linalala tabaka juu ya tabaka."

"Mpaka lini?" anauliza Paluku.

"Masaa sita kwa hii. Na unene wake ni unywele moja uugawe mara makumi mbili."

Paluku anapiga mluzi. Anasema kwa masaa sita yeye huwa ameshafika mbali na ameanguka mara mbili.

Lakini Honorine hamsikilizi tena. Anazungumzia mwanga. Vumbi likiruka kutoka kwenye kibonge, anasema, linawaka lenyewe, rangi ya zambarau, kiasi cha kidole gumba, na linacheza palepale mbele ya macho yako bila kelele. Aliliangalia miaka sita kupitia kijidirisha. Tena kijidirisha hicho kina ujanja wake: vumbi linakipaka nacho, kidogo kidogo, hadi leza haipiti sawasawa. Fundi asiyekisafisha atapunjwa na kazi yake mwenyewe.

"Ule mwanga nimeutamani," anasema. "Nimeutafuta hapa. Nimesimama kwa wachomeleaji mpaka macho yakauma. Nimeenda Nyangwe nikaangalia radi juu ya Lualaba. Inafanana fanana, lakini haiko yenyewe. Kuna siku namuota mama, kuna siku naota ule mwanga, na siku zingine vyote viwili viko chumba kimoja."

Hapo anakirudisha kibamba kwenye pamba.

Utando wa neodimi una adui mmoja, na adui huyo ni hewa tunayovuta. Ukitoka ndani ya chungu ukiwa uchi, unapata kutu, na kutu ikiingia sumaku inakufa. Kwa hiyo kabla ya kufungua chungu, fundi hupaka juu yake tabaka jingine la madini yasiyoshika kutu. Honorine huliita kofia. Kisha husubiri jiko lipoe kabisa. Kazi ya kofia na kupoa inachukua masaa matatu, na haina njia ya mkato.

Ijumaa moja, miaka saba iliyopita, Honorine alikuwa peke yake maabara. Wenzake walikuwa wameondoka mapema, kwa sababu usiku ule umeme wa jengo ungekatwa kwa ajili ya matengenezo. Utando namba 412 ulikuwa umemaliza mapigo yake ya mwisho, na jiko lilikuwa bado jekundu. Saa kumi na nusu jioni simu ikalia.

Alikuwa Dieudonnée, kutoka Kasongo.

"Nilimwambia mama iko na homa, anamuita," anasimulia Dieudonnée, akitwanga pilipili kwa nguvu kuliko pilipili inavyostahili. "Nilimwambia kuya. Sikusema anakufa. Ningejua wapi?"

Kulikuwa na ndege usiku ule. Kufika uwanjani ni mwendo wa masaa mawili kwa treni. Angetoka mara moja, angeiwahi. Lakini umeme ungekatwa, pampu zingesimama, hewa ingeingia, na 412 ilikuwa bado haina kofia.

Honorine alibaki. Alipaka kofia akilia, anasema, machozi yanaingia kwenye miwani ya kukinga leza na hawezi kuyafuta. Alisubiri jiko lipoe. Akafungua, akachukua utando wake, akaufunga kwenye pamba. Ndege ilikuwa imeshaondoka.

Iliyofuata aliipata siku ya pili, lakini akafika Kinshasa ndege ya Kindu imekwenda, na nyingine ilikuwa baada ya siku tatu. Kutoka Kindu alipanda pikipiki. Alipofika Kasongo, udongo juu ya kaburi la mama yake ulikuwa bado na unyevu. Walikuwa wamemzika jana yake.

"Tulimungojea siku mbili nzima," anasema Dieudonnée. "Kwa hili joto letu. Mapadri walituambia hapana, haiwezekani tena. Mama aliuliza mpaka mwisho, Honorine amefika wapi? Nikamudanganya, amefika Kindu. Mara ngapi nilisema Kindu? Halafu yeye anashuka kwa pikipiki, ananionyesha kale kakioo, ananiambia, nilichelewa juu ya hii."

Mwandishi alimuuliza Honorine swali ambalo hakuna mwandishi anayelipenda: hakukuwa na mtu wa kumpigia simu aje kumalizia kazi?

Alijibu bila kujitetea.

"Alikuwako. Jirani yangu wa meza, alikuwa anakaa dakika kumi kutoka pale. Ningemupigia. Sikumupigia. Ulikuwa utando muzuri kuliko yote niliyofanya, nilitaka kuutoa mwenyewe. Hiyo ndiyo kweli, na mdogo wangu nilimwambia hiyo kweli, ndiyo maana haingii ndani."

Hakurudi Ufaransa. Alikaa matanga, akabaki kumsaidia mdogo wake aliyekuwa na mimba ya pili, na kibali chake cha kuishi huko kikaisha akiwa Kasongo. Aliandika barua kuomba kingine, akajibiwa kwa ukurasa mmoja. Bosi wake alistaafu, maabara ikahamishwa, na ile hati ya kuthibitisha kazi yake, iliyokuwa iandikwe wiki ileile, haikuandikwa. Miaka sita ya kazi, tando mia nne na kumi na mbili, na ushahidi wake wote ni kibamba kinachoingia kwenye kopo la vidonge.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi anakipima. Mwaka wa kwanza mshale ulikwenda digrii ishirini na tatu. Sasa ni ishirini na moja. Kutu imeanza kuingia kupitia pembeni, ambako kofia haifiki vizuri, na Honorine anaijua hesabu hiyo kuliko anavyojua umri wake.

Mwezi Mei simu ililia tena. Safari hii alikuwa Zacharie, profesa wa fizikia katika chuo kimoja cha Lubumbashi, ambaye ameomba chuo kisitajwe hadi mambo yakamilike. Waliwahi kusoma darasa moja. Chuo kimepewa leza ya zamani kutoka Ulaya, pamoja na chungu na pampu zake. Vitu hivyo vimekaa kwenye masanduku miaka mitatu, kwa sababu pale hakuna mtu aliyewahi kuongoza mwanga ule hata siku moja.

"Nikawaambia wakubwa, mutu yuko, anatengeneza pikipiki Kasongo," Zacharie alimweleza mwandishi kwa simu. "Wakacheka. Wakaomba hati. Hana. Basi wakasema, kama kweli ni fundi, alete kazi ya mikono yake tuipime."

Kupima si kazi ya dira na penseli. Chombo cha chuo kinameza kipande kidogo kuliko kile cha Honorine, na kikishapimwa lazima kisagwe upande ili kuonekana kwa hadubini. Kwa maneno mengine, utando lazima uvunjwe.

Kama ndani ni mzima, kazi ni yake. Kama kutu imeshaingia katikati, wakubwa wataona kutu, na Honorine atakuwa amevunja kitu pekee alichobaki nacho kwa ajili ya kuonyesha kwamba kimekufa.

Aliomba wiki mbili za kufikiri. Zikawa sita. Ilikuwa ndani ya wiki hiyo ya sita ambapo mwandishi alifika, na kile kipimo cha Jumapili kilikuwa, kwa maneno yake, cha "kuuaga" utando.

Jumatatu, saa tatu asubuhi. Kwa fundi vioo wa sokoni Honorine ameazima kisu cha kukatia kioo, chenye ncha ya almasi. Amefua kitambaa cheupe, amekipiga pasi, amekitandika mezani. Amenawa mikono mara tatu. Paluku amesimamisha pikipiki nje, tayari kwa safari ya Kindu kwenye ndege ya Lubumbashi, maana kuanzia mwanya utakapofunguka pembeni, kila siku ni faida kwa kutu.

Dieudonnée amesimama mlangoni. Hajaingia, hajaondoka.

"Utaikata namna gani?" anauliza.

"Siikati. Naiambia tu pa kuvunjikia." Honorine anakigeuza kibamba kichwa chini, utando ukielekea kitambaa. "Hii ya nyuma ni silikoni. Iko na mistari yake ndani, huioni. Ukiikwaruza kidogo kwa ukingo, inafuata mustari wake yenyewe. Ukiilazimisha, inakuwa unga."

Anakwaruza. Mkwaruzo wenyewe ni wa milimita mbili, hapo ukingoni. Anaingiza sindano ya mbao chini yake, anaweka vidole viwili pande zote mbili.

Anaviondoa vidole. Anavirudisha. Anaviondoa.

"Siwezi," anasema. "Dieudo, siwezi."

Mlangoni Dieudonnée akainua mikono kichwani, akaanza kuchomoa pini za nywele. Moja, mbili, tano. Akampa Paluku azishike. Akavua saa. Akaingia.

Alikwenda kusimama nyuma ya dada yake na kumwekea mikono mabegani.

"Vunja, Yaya. Mama alishachoka kuingojea."

Ikalia tik, sauti ndogo kuliko ya punje ya wali chini ya jino. Kibamba kikawa viwili, na mpasuko wake ulikuwa umenyooka kama ukingo wa karatasi.

Honorine aliivuta nusu moja hadi kwenye mstari wa penseli. Dieudonnée aliinama kuangalia dira, mara ya kwanza katika miaka saba, na alipoona mshale akashtuka.

"Kumi na moja! Yaya, kumi na moja tu! Imekufa nusu!"

"Haijakufa, mudogo wangu. Imegawanyika. Nusu ya kitu inavuta nusu." Honorine alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ingekuwa kutu iko ndani, isingefika hata tano."

Hakusema kwamba ana hakika. Upande uliovunjika ulikuwa uchi, unang'aa, na hewa ya Kasongo, hewa ya mvua iliyopita na mvua ijayo, ilikuwa imejaa chumbani. Alianza kutafuta nta ya mshumaa ya kuuziba. Nta ya mshumaa haikuonekana.

Dieudonnée akatoka mbio, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu, ile anayoipaka sikukuu ya Pasaka na kwenye harusi.

"Hii haipitishi maji. Nafua nguo wiki nzima na haitoki. Hewa je, itapita?"

Honorine alikichukua kichupa, akakisoma, akakinusa. Akamrudishia.

"Weka wewe," alisema. "Mikono yangu leo inakataa. Pembeni tu. Polepole, bila mapovu."

Dieudonnée akaketi. Akakunja kidole kidogo kama anavyofanya akimpaka bibi harusi, akapitisha brashi mara moja kwenye ukingo uliovunjika, hakuinua mkono mpaka mwisho. Kisha nusu ya pili, vilevile. Walikaa wawili hao, vichwa vimekaribiana, wakipuliza rangi ikauke. Mwandishi alitoka nje kumsaidia Paluku kushika pini za nywele. Paluku alisema vumbi la barabara limemuingia machoni, ingawa pikipiki ilikuwa bado haijawashwa.

"Masaa matatu," tulisikia Honorine akisema ndani. "Lazima ikauke vizuri, masaa matatu."

"Tutangoja," alijibu Dieudonnée.

Wakangoja. Kabla ya kuondoka, palitokea ubishi mdogo. Honorine alitaka kubeba nusu zote mbili, endapo moja itapotea njiani. Dieudonnée akakataa.

"Moja inabaki hapa. Kila Jumapili ya kwanza nitaipima, nitakupigia. Sasa najua. Natoa vyuma vyote, naweka kwa mustari, nangojea mshale ukae."

"Na pini za kichwa?"

"Na pini za kichwa."

Wiki tatu baadaye, Zacharie alimpigia mwandishi simu kutoka Lubumbashi, na kabla ya salamu alikuwa ameshaanza kucheka. Kutu, alisema, imeishia pembeni, upana usiofika nusu milimita. Katikati ni mzima kabisa. Wakubwa waliangalia matokeo, wakaangalia tena, kisha mmoja wao akauliza ni maabara gani ya Ulaya hutumia madini mekundu kwenye ukingo. Zacharie aliwaambia ni mbinu ya Kasongo.

Honorine ameanza kazi. Masanduku yamefunguliwa, panya walikula waya mbili, na kioo cha dirisha la chungu kina ufa, hivyo wanasubiri kingine. Mwanga wa zambarau bado hajauona. Anasema usiku hawezi kulala vizuri kwa kuutamani, na kwamba safari hii ni tamaa tamu, kwa kuwa anajua utakapotokea utatokea mlango wa pili kutoka anapolala. Anaitamani Kasongo pia, na sombe ya mdogo wake, na hata Paluku na gunia lake. Volan za Salamabila zinangoja likizo yake ya Desemba, na ametuma ujumbe mkali kuhusu nyundo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, simu yake ililia wakati mwandishi akizungumza naye pale chuoni. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema, "Kumi na moja. Asante, mudogo wangu," na kukata.

Mwandishi akamuuliza swali la mwisho. Leza ikishawaka, jiko likiwa jekundu, utando ukiwa bado hauna kofia, na simu kama hii ikalia, atafanya nini?

Hakufikiri hata kidogo. Alionyesha kwa kidevu wasichana wawili waliokuwa chini ya meza wakiunganisha bomba la pampu, Laura na Aurélie, wanafunzi wa mwaka wa tatu.

"Kitu cha kwanza nitawafundisha hawa ni kofia," alisema. "Kabla ya leza, kabla ya pampu. Nataka wote wawili wajue kuiweka vizuri kuliko mimi. Simu ikilia, wao watabaki. Mimi nitaenda."